Chokaa Ndani ya Bomba

Mwaka wangu wa kipaimara, pale Mbalizi,
mchungaji alinyoosha kidole benchi kwa benchi
hadi akatufikia sisi wa mlangoni, wenye kandambili:
Moto ni wokovu. Baridi ni dhambi.
Na ninyi ndio vuguvugu, mnangoja kutemwa.

Nikasadiki. Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Usiku nilijipima chini ya blanketi
kama mtu anavyogusa sufuria kwa mgongo wa mkono.
Lakini kulikuwa na kitu kimenasa jinoni:
ikiwa baridi ni dhambi, mbona barua ile
inaitaja baridi kama jambo la kutamanika?
Nikamwuliza mzee Syabumi, mtunza sadaka.
Akasema: Sikujua, jina lako linakutosha.

Baba alikuwa na baridi yabisi.
Kila Juni, ukungu ukishuka kutoka Loleza
na majani ya viazi yakiungua kwa jalidi,
tulimpakia kwenye lori la chokaa, tukateremka Songwe.
Huko maji hutoka ardhini yakifuka mvuke
na mwamba umejimwaga mweupe, ngazi juu ya ngazi,
kama uji uliofurika ukagandia jikoni.
Baba alitumbukiza magoti, akaguna kwa Kisafwa
maneno ambayo kanisani hayasemwi.
Jioni alipanda lori bila kushikwa.

Mama naye alikuwa na dumu lake,
maji ya kijito cha mlimani, yanayouma meno,
ya kumpa mtu atokaye shambani
kabla hujamwuliza habari.

Siku moja tu dumu lilisahaulika nyumbani.
Nikafuata mkondo, mbali na chemchemi,
mahali maji yamechoka lakini hayajapoa,
nikakinga viganja, nikanywa.
Nikatema mpaka machozi yakanitoka.

Miaka thelathini na moja.
Baba tumemzika, lori limeuzwa vyuma chakavu.
Alhamisi moja, darasa la jioni, umeme umekatika,
mwalimu Atuganile akachora ubaoni miji mitatu
kwa mwanga wa simu ya mtu.
Hierapoli, alisema, na chemchemi zake za moto;
wagonjwa walisafiri kwenda kujiloweka.
Kolosai, maji baridi kutoka mlimani.
Katikati, Laodikia: fedha, sufu nyeusi, dawa ya macho,
mji uliobomolewa na tetemeko ukajijenga
bila kuomba hata senti kwa Kaisari.
Kila kitu, isipokuwa maji ya kunyweka.
Waliyaleta kwa bomba za mawe.
Bomba hizo zingalipo, zimeziba ndani kwa ukoko,
akainua chaki kutuonyesha: rangi hii.

Sikungoja amalize. Nilisimama,
mwanamke mzima, na kitenge cha umoja wetu,
nikasema: Mwalimu, hayo maji nimeyanywa.

Moto ulikuwa magoti ya baba.
Baridi ilikuwa dumu la mama.
Wala hakuna aliyekuwa amenihukumu, miaka yote ile,
ila mtu aliyesoma barua bila kuonja maji.

Mzee Syabumi, jicho moja sasa lina mtoto,
akagonga fimbo sakafuni:
Kwa hiyo tuliwatisha watoto bure?

Atuganile akafuta vidole kwenye sketi.
Akasema wapo wasomi wanaobisha,
wanaodai barua iliwaza vikombe vya karamuni, si mabomba.
Yeye hakuwapo. Wala sisi.
Ila barua ilikuwa na anwani juu yake,
nasi tuliichana bahasha bila kuisoma.

Mzee hakujibu. Mvua ilianza kupiga bati,
ikatusaidia kutotazamana.

Nilikwenda kumimina chai.
Ilikuwa imekaa kwenye birika muda wote wa mabishano.
Akaipokea kwa mikono miwili,
akaonja, akanitazama kwa lile jicho zima,
akainywa yote.